Siku yangu na kamera ya moyo, na kikombe kimoja cha kahawa

Nikisema napima damu inavyofika kwenye msuli wa moyo watu wananijibu "aah, ECG". Sio ECG jamani. ECG inasoma umeme, mimi natafuta ni kipande gani cha ukuta wa moyo kinanyimwa damu, na mtu akiwa amekaa tu ametulia mara nyingi huwezi kuona kitu.

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshabandika beji ya kupimia mionzi, nakamua jenereta, si ile ya umeme, ni kopo linalotupa dawa ya mionzi. Ndio, tunasema kukamua, kama ng'ombe. Ndani kuna molibdenamu-99 inayogeuka yenyewe kuwa teknishiamu-99m, unapitisha maji ya chumvi, teknishiamu inatoka, kesho unakamua tena. Kupima usafi, kuchemsha na sestamibi, dawa inayoibeba teknishiamu hadi kwenye msuli wa moyo ili kamera iione, kuvuta dozi nyuma ya ngao ya madini ya risasi, haya ya kila siku.

Saa 2 na saa 3 wagonjwa wawili, safi kabisa.

Saa 4 akaingia mzee mmoja mpole, magoti yake hayawezi mashine ya kukimbilia kwa hiyo tunampa adenosini kwenye dripu ili mishipa ifunguke bila yeye kukimbia. Nikamuuliza, mzee wangu, tangu jana asubuhi umegusa chai, kahawa, soda, chokoleti, dawa ya kichwa? Hapana mwanangu. Nikauliza tena, hapana. Nikaweka kanula, nikabandika waya zote kifuani, dozi iko mezani, pampu imeshapangwa, ndio binti yake akachungulia mlangoni: "Baba, si ulikunywa kahawa saa 11 alfajiri?"

Mzee akanitazama. "Ile ilikuwa ndogo. Halafu haikuwa na sukari."

Nilishusha pumzi. Kafeini inakalia palepale adenosini inapotakiwa kushika, sasa mishipa haifunguki vizuri. Mshipa wenye afya ukifunguliwa damu inaweza kuongezeka mara 3 au 4, ule uliobana unashindwa, na hiyo tofauti ndiyo tunayoitafuta. Kahawa ikiizima hiyo tofauti, picha inatoka nzuri, mzee anaambiwa moyo uko fiti, anarudi nyumbani na mshipa wake uliobana. Mimi picha mbaya siiogopi, naogopa picha nzuri ya uongo.

Kumweleza hivyo mtu ambaye hajala tangu jana usiku ni kazi nyingine. Akakasirika, binti akamkasirikia baba, halafu wote wawili wakanigeukia mimi, na muda wote huo dozi inapungua mezani maana teknishiamu haisubiri mtu, kila saa 6 nusu yake imeondoka. Daktari akaja akasema kesho. Nikatoa waya moja moja, ile gundi inavuta nywele za kifua, mzee anaguna, dozi nikairudisha kwenye kopo la risasi ikafie huko.

Baada ya hapo sijui saa zilikwendaje. Foleni yote imesogea, kula sikula, kuna kijana hataki kuingia chumba cha kamera eti mashine itamchoma mionzi, namwambia kaka, hii kamera haitoi kitu, wewe uliyedungwa dozi ndiye unayetoa sasa hivi, yenyewe inapokea tu. Hakufurahi kusikia hivyo.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja, ukuta wa chini wa moyo wake ukatoka hafifu. Mwanzoni ini, maana nalo linavuta dawa, lilikuwa linawaka pembeni kama taa, tukasubiri, tukarudia, bado hafifu. Miguu yangu inaniambia funga nenda nyumbani. Nikamwomba alale kifudifudi, mikono juu tena, pole mama najua mabega yanauma, tukapiga upya. Ile sehemu ikajaa. Kilikuwa kivuli cha diaframu tu, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, damu inafika vizuri. Ripoti ni ya daktari, lakini kile kipande kujaa kwenye skrini nilikiona mimi wa kwanza, na hilo simwachii mtu.

Nakagua meza na mikono kwa mita ya mionzi, nazima taa, simu ya idara inalia. Yule mzee.

"Mwanangu, chai yenye maziwa mengi si itakuwa sawa?"