Marahaba

Jumapili imepita, leo Alhamisi, na mimi bado naisikia ile shikamoo.

Aliyenipa ni yule aliyetutembeza Maktau, kati ya Voi na Taveta, mtu na mvi zake kidevuni, na wajukuu kashawataja. Nashuka garini nikijikung'uta vumbi, yeye huyo: "Shikamoo, mama." Nina miaka 41! Ningecheka tu, yangekwisha. Ningesema "salama, kaka." Mdomo ukanitangulia: "Marahaba, hujambo?" Hujambo! Kama nimemzaa. Baba Nasra akageuka, akajifanya anatazama mgunga.

(Nyumba tumehama na matokeo ya Nasra yametoka, mazuri. Siku nyingine.)

Safari ni ile niliyowaahidi tangu Ramadhani: tukalala kwa wifi Voi, alfajiri tukaingia nyikani hadi Taveta. Kumbe Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914, Waingereza wakatandika reli kutoka Voi ili wawafuate. Tarehe 12 Februari 1916 wakakivamia kilima cha Salaita, wakarudishwa mbio.

Kule kisicho na miiba kina sumu. Mnyaa usiuguse ukajipangusa macho. Waridi la jangwani limechanua bila jani hata moja, zuri, na utomvu wake unaua. Tukaoneshwa mbuyu wenye matundu ya risasi. Ati mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akiwadungua Waingereza. Nikauliza alikuwa na umri gani. Baba Nasra akaangua kicheko.

"Hilo hawasemi, mama."

Mama tena.

Makaburini Taveta mistari imenyooka, mawe yamesafishwa. Nikamuuliza wapagazi wamezikwa wapi, wale wa Kariakoo (Carrier Corps, waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza vitani), maana waliotoka Kenya wasirudi ni zaidi ya 40,000. Akanyoosha mkono, si kwenye mawe, kule tulikotoka, kwenye michongoma. "Babu yangu yumo humo," akasema, kisha akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Nikampa chupa. Hapo shikamoo niliisahau kabisa, labda kwa dakika tano.

Wakati wa kuagana nikajikaza nimuwahi: "Shikamoo, mzee."

Akacheka. Hakuitikia.

Pampu ya nyumba mpya inanguruma usiku kucha na maji hayapandi. Mwenye nyumba simu hashiki.