Nimerudi Alsask, kopo bado lipo

Wadau nimerudi nyumbani, baada ya miaka tisa Toronto. Na safari hii nikisema nyumbani simaanishi Iringa, namaanisha Saskatchewan, jimbo la Canada, magharibi yake kabisa, kule barabara namba 7 inakokaribia kuingia Alberta. Mama alipata kazi ya kutunza wazee Kindersley mi nikiwa na miaka 11, kwa hiyo nimekulia huku kwenye prerii, ngano, kanola na upepo usiochoka.

Nimetua Saskatoon jioni, mama kaja kunipokea na pikapu yake, swali la kwanza "umekula?", la pili "kesho twende Alsask tukaangalie kopo?"

Kopo ni habari ya jiokashi. Mtu anaficha chombo mahali, ndani kuna daftari, latitudo na longitudo anaziweka mtandaoni, wewe unatafuta na GPS, ukilipata unasaini unalirudisha palepale. Umeanza mwaka 2000 huu mchezo, maana Mei 2 Marekani ilizima ule upotoshaji iliokuwa inauweka makusudi kwenye GPS za raia, kabla ya hapo kifaa kingeweza kukupoteza hata mita 100, na kesho yake tu jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, na kopo la maharage ndani. Sisi alitufundisha mzee jirani yetu, alikuwa fundi kwenye stesheni ya rada ya Alsask enzi zake.

Alsask ni kijiji kidogo sana, hata jina ni Alberta na Saskatchewan zimeunganishwa, ila unakiona kutoka mbali sababu ya kuba jeupe la rada. Enzi za Vita Baridi Canada na Marekani walipanga stesheni kukatiza bara zima, Pinetree Line, kuvizia ndege za mabomu za Wasovieti zikitokea ncha ya kaskazini. Ya Alsask ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa 1987, familia za wanajeshi zikaondoka na kijiji kikapungua. Makuba yalikuwa matatu, limebaki moja, watu wa kujitolea wanalitunza kama makumbusho na kiangazi unaingia. Ukiwa ndani nong'ona tu, sauti inazunguka inakurudia sikioni kama kuna mtu nyuma yako. Mi utotoni nililipenda hilo kuba kuliko kitu chochote huku, na bado nalipenda.

Basi tumefika. Kopo liko wapi sisemi, ukimwagia watu siri umewaharibia, ila ukisimama pale kuba unaliona vizuri. Mama magoti siku hizi yanamsumbua, kabaki garini mlango wazi. Simu inakufikisha mita tatu nne hivi, hapo ndo inaishia, kilichobaki ni macho. Unatafuta mawe yaliyokaa kwa mpangilio ambao upepo haupangi. Nikaliona: sanduku la risasi la jeshi, lile la chuma la kijani, wachezaji wanayapenda kwa sababu mpira wa mfuniko hauingizi maji.

Nikafungua daftari nitafute saini yangu ya zamani, nikakutana na mwandiko wa mama.

Agosti 2016, mwezi nilioondoka: "Mama Edo. Upepo mwingi." Agosti 2017: "Mama Edo. Kamwene. Ngano imechelewa." (kamwene ni salamu ya Kihehe) Na 2018, na 2019, kila mwaka mstari mmoja katikati ya majina ya wageni. 2020: "Mama Edo. Barabara nzima niko peke yangu. Edo hajambo, ameajiriwa." 2022: "Mzee tumemzika. Daftari nimelibadilishia mfuko."

Jamani kawaida kopo unasaini mara moja ukilipata, basi, unaenda kutafuta lingine. Yeye kasaini mara tisa! Karibu kila wiki tulikuwa tunaongea kwenye simu, ananiuliza baridi, ananiuliza kodi ya nyumba, hili hakuwahi kulitaja hata siku moja, kumbe ndo aliyekuwa analilinda tangu yule mzee jirani aanze kuumwa.

Nikarudi hadi garini na daftari mkononi, nikamuuliza mama mbona hukuniambia. Akaangalia mashamba kidogo.

"Ningekuambia ungesema unakuja mwanangu. Halafu usingekuja."

Sikuwa na jibu, maana ni kweli, ningesema hivyohivyo.

Nikaandikia juu ya boneti, chini ya mstari wake wa mwaka jana: "Edo na Mama Edo. Agosti 2025. Upepo uleule." Penseli imebaki kipande, nikaweka mpya. Wakati naenda kulirudisha mama akapaza sauti toka garini, "lile jiwe bapa liwe juu, mzee alikuwa analiweka juu!"