Orijino, jeneriki na feki: kununua dawa ya bei nafuu bila kukosea

Kwenye kaunta ya famasi kuna maneno matatu yanayochanganywa kila siku: orijino, jeneriki na feki. Mteja akiambiwa "hii si orijino" anasikia "hii ni feki", basi anajikamua na kuondoka na boksi lenye jina maarufu. Mwezi unaofuata pesa haitoshi. Anaanza kumeza siku moja na kuruka siku moja ili boksi lifike mwisho wa mwezi, na presha inapanda. Kwa mgonjwa wa presha au kisukari, dawa anayoweza kuinunua kila mwezi bila kukosa ndiyo dawa yake, na mara nyingi hiyo ni jeneriki.

Orijino ni dawa ya kampuni iliyoivumbua. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuitengeneza peke yake, hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiambato kilekile kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo jeneriki. Rangi, umbo, ladha na jina vinaweza kuwa tofauti, kiambato hapana. Feki ni habari nyingine kabisa: bidhaa inayodanganya kuhusu kilichomo au ilikotoka. Na mghushi hufuata pesa ilipo, kwa hiyo boksi la bei kubwa lenye jina linalojulikana ni kishawishi kwake. Bei kubwa haikukingi na feki.

Wengi wanaamini jeneriki ni nafuu kwa sababu imepunguzwa nguvu. Sivyo. Bei inashuka kwa kuwa kiwanda hakirudii majaribio ya miaka mingi ya kuthibitisha kwamba kiambato kinatibu, na kwa kuwa viwanda vingi vinashindana kuuza kitu kimoja. Kinachobaki kuthibitishwa ni kwamba dawa inaingia kwenye damu sawasawa na orijino. Watu wenye afya, mara nyingi dazeni mbili au tatu, humeza orijino kwa awamu moja na jeneriki kwa awamu nyingine, na kila mara damu yao hupimwa saa baada ya saa. Hulinganishwa jumla ya dawa iliyoingia na kilele ilichofikia. Makadirio hayo, pamoja na ukingo wake wa shaka wote, lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya orijino. Hapo ndipo watu husema, "kumbe inaruhusiwa kupungua kwa asilimia 20." Hapana. Kwa kuwa ukingo wote hauna budi kutoshea ndani ya mipaka hiyo, wastani wenyewe hulazimika kukaa karibu na 100. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipitia majaribio 2,070 ya aina hiyo ya miaka ya 1996 hadi 2007 na kukuta tofauti ya wastani katika jumla ya dawa iliyoingia kwenye damu ni kama asilimia 3.5.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi ni ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati orijino ziligharimu dola 10,000 na zaidi katika nchi tajiri. Leo kidonge cha TLD kinachotolewa kwenye kliniki zetu, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir pamoja, ni jeneriki. Mamilioni ya watu wanaishi kwa dawa hizo, na kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha virusi vimezimwa.

Sasa tuje kaunta. Dawa nyingi zina majina mawili, la biashara na la kiambato. Majina ya viambato hapa yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye boksi, maana huko ndiko utakakoyatafuta: Panadol ni paracetamol, Flagyl ni metronidazole, Norvasc ni amlodipine, Glucophage ni metformin, Voltaren ni diclofenac, Coartem ni artemether na lumefantrine, ile dawa ya mseto tunayoiita ALu. Jina la kiambato huwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Lisome hilo kwanza, kisha nguvu yake kwa miligramu, kisha aina yake: kidonge cha kawaida, cha kuachia dawa polepole, kapsuli, maji. Vitu hivyo vitatu vikilingana na cheti cha daktari, unalinganisha dawa moja na nyingine. Kimoja kikitofautiana, si dawa ileile, hata kama muuzaji anasema ni "sawa tu".

Swali la kuuliza ni hili: "Dokta, kuna nyingine ya kiambato hikihiki, nguvu hiihii, iliyosajiliwa, ya bei ya chini zaidi?" Neno "zaidi" lina kazi yake, kwa sababu bei haziko ngazi mbili bali tatu. Juu kuna orijino. Katikati kuna jeneriki zilizopewa jina la biashara la kuvutia na kutangazwa kwa madaktari na mawakala wa kampuni. Chini kuna jeneriki zinazouzwa kwa jina la kiambato tu. Muuzaji akiombwa "ya bei nafuu" hushuka ngazi moja na kusimama katikati, na wateja wengi huishia hapo.

Bei ipigiwe hesabu kwa kidonge, kwa sababu maboksi hayalingani: kuna ya 28, ya 30 na ya 100. Tuchukue namba za kufanyia hesabu tu: boksi la vidonge 30 kwa shilingi 36,000 ni shilingi 1,200 kwa kidonge, boksi la 28 kwa shilingi 5,600 ni shilingi 200. Kwa anayemeza kimoja kila siku, mwaka mzima ni 438,000 dhidi ya 73,000. Tofauti hiyo inalipia kipimo cha figo na mashine ya kupimia presha nyumbani, na bado inabaki.

Makosa mengi hayatoki kwenye ubora wa jeneriki. Yanatoka kwenye kubadilisha boksi bila kubadilisha hesabu.

Augmentin, dawa ya kuua bakteria, na jeneriki zake ndizo zinazochanganya watu zaidi. Maboksi huandikwa 375, 625 au 1 g, na namba hizo ni jumla ya viambato viwili. 375 ni miligramu 250 za amoxicillin na 125 za clavulanic acid. 625 ni 500 na 125. 1 g ni 875 na 125. Clavulanic acid ni 125 kwenye zote. Famasi ikikosa 625 na kukupa 375 mbili kwa kila dozi, amoxicillin inakuwa sawa lakini clavulanic acid imeongezeka maradufu, na hiyo ndiyo inayoharisha watu hadi wanaacha dozi katikati. Kisha lawama inaangukia jeneriki. Usikubali badiliko hilo. Nenda famasi nyingine.

Kwa dawa za maji za watoto, amoxicillin ipo ya 125 mg katika mililita 5 na ya 250 mg katika mililita 5. Chupa zinafanana. Mama aliyezoea kutoa mililita 5 akipewa chupa ya aina nyingine, mtoto anapata nusu ya dozi au dozi mbili kwa mpigo. Mwombe mfamasia aandike mililita kwenye chupa yenyewe, na utumie bomba la sindano lisilo na sindano au kipimo cha boksi, si kijiko cha chai. Unga unachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama. Weka nusu, tikisa, kisha ongeza hadi mstari. Ile yenye clavulanic acid inataka friji na hutupwa baada ya siku 7. Nyumba isiyo na friji, na mtoto aliyeandikiwa amoxicillin ya kawaida, ulizia vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Ni nafuu, havihitaji baridi, na hakuna cha kukisia.

ALu nayo ina mtego mpya. Kidonge kilichozoeleka ni 20/120, yaani miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, na mtu wa kilo 35 au zaidi humeza vinne kwa wakati mmoja, mara sita katika siku tatu, jumla 24. Siku hizi kuna jeneriki za 80/480, ambapo kidonge kimoja ni sawa na vile vinne, na dozi nzima ni vidonge sita. Aliyezoea "vinne vinne" akimeza vinne vya 80/480 amejizidishia mara nne. Angalia namba kwenye boksi kabla ya kumeza. Kwa aina yoyote, dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu lumefantrine hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu.

Na kuna kumeza dawa moja kwa majina mawili. Mgonjwa anapewa amlodipine hospitali, anarudi nyumbani kwenye boksi la jina la biashara lililobaki, anameza yote mawili. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka. Paracetamol ni hatari zaidi kwa kuwa imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya 500 mg, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye dawa ya mafua.

Zipo dawa chache ambazo usizibadilishe mwenyewe kaunta, hata kwa bei nzuri namna gani. Za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, warfarin ya kuzuia damu kuganda, levothyroxine ya tezi, lithium, digoxin, na za waliopandikizwa figo. Kwa hizi tofauti ndogo kwenye damu inaweza kuleta degedege au kutokwa damu. Jeneriki zake ni nzuri. Kinachotakiwa ni kubaki na kiwanda kimoja. Nunua wiki mbili kabla hazijaisha, ili famasi ikikosa upate muda wa kutafuta. Badiliko likilazimika, daktari ajue na vipimo virudiwe: INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ndani ya kama wiki moja kwa warfarin, na TSH, kipimo cha homoni inayoongoza tezi, baada ya wiki 6 hadi 8 kwa levothyroxine.

Vidonge vya kuachia dawa polepole, vyenye herufi kama SR, XR au Retard, havilingani na vya kawaida vya jina hilohilo. Nifedipine ya aina hiyo ikitafunwa au kupondwa, dawa ya masaa mengi inaingia kwa mkupuo na presha inaporomoka.

Kutambua feki na dawa iliyoharibika kunaanza kwenye kifungashio. Namba ya toleo (Batch No.) na tarehe ya mwisho kwenye boksi zilingane na zile za kwenye karatasi ya vidonge ndani yake. Jina la kiwanda na nchi viwepo, herufi zisiwe na makosa. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ina rejista mtandaoni ya dawa zilizosajiliwa. Kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye kibahasha havina tarehe wala toleo, kwa hiyo omba uone kopo lenyewe. Ukinunua nusu karatasi, mwambie akukatie upande wenye tarehe. Unyevu wa Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, unaharibu dawa kabla ya tarehe: aspirin inayonuka siki imeshaoza, na vidonge vya clavulanic acid vilivyogeuka rangi au kulainika visimezwe.

Baada ya kubadilisha dawa ya presha, pima kwa wiki mbili, saa ileile, umekaa dakika tano, na uandike. Amlodipine inabaki mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka katika saa 30 hadi 50, kwa hiyo kipimo cha kesho yake hakikwambii kitu. Usihukumu kabla ya wiki hizo mbili. Kwa metformin, linganisha sukari ya asubuhi kabla ya kula. Na boksi tupu lihifadhi kabatini hadi ununue lingine. Ndilo utakalompelekea mfamasia, lina kiambato, nguvu na kiwanda.