Kulipa Bila Kupatana

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wanaosoma Biblia ya Kiingereza wanalijua neno atonement na kitenzi chake, atone. Siku hizi wengi hukielewa kitenzi hicho kuwa ni kulipia kosa: umekosa, umefidia, yameisha. Asili yake si malipo. Ni at na one yaliyounganishwa, yaani kuwa kitu kimoja. Ndivyo Waingereza wa zamani walivyowasema waliogombana wakapatana. Mtafsiri William Tyndale hakulibuni neno atonement, lakini alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526 aliliweka kwenye Warumi 5:11, pale sisi tunaposoma "tumeupokea huo upatanisho". Hata katika Othello, tamthilia ya Shakespeare, Desdemona anakitumia kitenzi atone akitamani kuwapatanisha mumewe na Cassio, ofisa wake. Fedha haimo kabisa.

Maana ya kulipa ilikuja kutawala baadaye, na naona jambo hilohilo hutokea mioyoni mwetu. Ndugu wawili wamekosana kwa sababu ya ng'ombe aliyeuzwa bila ruhusa. Aliyeuza anarudisha fedha zote kwa simu, ujumbe unaingia, deni limekwisha. Wakikutana msibani, anasalimia benchi zima, mkono kwa mkono, akifika kwa mwenzake anamruka.

Wengine tunakosea upande wa pili, na huu ndio unaniumiza zaidi. Tunasema "tusameheane tu, sisi ni watu wa Mungu", huku shamba la mjane bado tunalilima. Torati haikuruhusu hilo. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kitu kamili, aongeze na sehemu ya tano, na ampe yule yule aliyemkosea. Kwa shilingi 100,000 unarudisha 120,000. Aliyekosewa hakuachwa na maombi matupu.

Zakayo, mtoza ushuru, alikwenda mbali kuliko hapo: aliahidi kurudisha mara nne. Lakini tazameni mpangilio wa Luka 19. Yesu alijialika kwanza nyumbani kwa mtoza ushuru, watu wakanung'unika, na Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kurudisha ilimtoka akiwa amekwisha kupokelewa. Ndivyo Mungu alivyofanya nasi pia, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, "asiwahesabie makosa yao" (2 Wakorintho 5:19).

Kwenye Mathayo 5:24 Bwana anasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Maneno hayo aliyasema Galilaya, na madhabahu yalikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kwa miguu. Mgalilaya aliyemsikia alielewa kwamba anaambiwa aiache sadaka, arudi mpaka kijijini, kisha aianze safari upya.

Wiki hii tusome Luka 19:1–10 na Hesabu 5:5–8. Mwenye ndugu anayemdai au aliyemkosea amwombee kwa jina, kisha amfuate.