Land Rover ya 1969: nikikanyaga polepole inakufa, nikikanyaga kabisa inaamka

Imekubali. Jana nimetoka Lubumbashi kwenda mji wa Kipushi na kurudi, kilomita 60 hivi, mguu nusu ya pedali njia nzima, na haikukohoa hata mara moja. Naandika leo kabla hasira haijaisha, maana kitu kilichonila wiki tano kina urefu wa kidole changu kidogo.

Waliofuata mradi huu wa kuipa gari cheche za kielektroniki wanajua nilipofikia: platine (vile vidole vya chuma vinavyofungua na kufunga umeme wa cheche) zimetoka, moduli ya sumaku inayofanya kazi yao imekaa ndani ya delko ya Lucas 25D, kile chombo kinachogawa cheche, na bobini ya omu 3 inayozalisha cheche imefungwa. Waya mwekundu kwenye chanya ya bobini, mweusi kwenye hasi, na aliyewahi kuzigeuza anaijua harufu yake. Sehemu hii ilikuwa iwe ya kupima avansi, yaani cheche inawahi kiasi gani, kwa strobo, ile taa ya kumetameta. Strobo bado iko ndani ya karatasi yake.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi, hata kwa baridi hii ya mwezi wa saba ambayo Lubumbashi nzima inavaa makoti, gari inawaka mara ya kwanza. Relanti, yaani mngurumo wa gari ikisimama bila kukanyagwa, nzuri kuliko siku zote za platine. Natoka uani, naingia barabarani, gia ya tatu, nashikilia mwendo wa taratibu, na hapo inaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Si kupungua nguvu, la. Inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, kama mtu anachezea kontakti, ile swichi ya ufunguo. Nikikanyaga mafuta mpaka chini, inapona na kukimbia vizuri. Nikilegeza kidogo, inaanza tena.

Rafiki yangu mekanisie, anayeniita yaya, yaani kaka mkubwa, alisikiliza dakika moja tu: "Yaya, hii ni karbirateri. Iko na njaa ya esansi." Yaani petroli haifiki ya kutosha.

Sikumlaumu. Zenith ya gari hizi ina sifa mbaya: uso wake unapinda, hewa inaingia mahali isipotakiwa, na gari inakuwa na kigugumizi hapohapo kati ya relanti na nusu pedali. Nikaifungua. Nikasugua uso wake kwa msasa juu ya kioo mpaka ukanyooka, nikabadilisha kile kipete cha mpira, nikapuliza jikleri zote, vile vitundu vya kupitishia esansi. Siku mbili. Gari ikaruka vilevile, ila sasa kwa karbirateri safi.

Nikahamia umeme. Kwanza nilipima volti zinazofika kwenye moduli: 10.4. Moduli inataka volti zote za batri, na kontakti yangu ina miaka 50 na zaidi, kwa hiyo nilidhani nimemkamata mwizi. Nikavuta waya mpya kutoka batri kupitia rele, ikawa 12.1. Gari ikaruka. Nikaazima bobini nyingine. Ikaruka. Nikabadilisha kichwa cha delko, kidole chake kinachozunguka ndani, nyaya za buji (plagi), kisha buji zenyewe. Mwenye duka la vipuri alianza kuniita bosi, na hiyo si dalili nzuri kwa mfuko wa mtu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeanza kutafuta zile platine za zamani kwenye kopo la misumari. Nakiri. Vumbi jekundu la huku linazila, nafasi ya milimita 0.40 inajifunga yenyewe kila mwezi, lakini angalau zikikataa unaona kwa macho kwamba zimekataa. Moduli ni tofali jeusi tu. Haikuambii kitu.

Kilichoniokoa ni uvivu. Jumamosi moja mrija mwembamba wa hewa, ule unaotoka karbirateri kwenda kwenye kapsuli ya delko, kile kikopo kinachosogeza avansi kikinyonywa hewa, ulichomoka mkononi nikisafisha. Sikutaka kurudi kutafuta klipu, nikauziba kwa bolti na kwenda kununua mkate. Gari haikuruka. Nilizunguka mpaka njia ya Kasapa na kurudi, mkate ukapoa, gari laini kama maji.

Nikakaa kando ya barabara, nikafikiri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne za kubadilisha vitu. Kapsuli inafanya kazi lini? Kwenye relanti, kipepeo cha karbirateri kimefungwa na kitundu cha mrija kiko upande usio na mvuto wa hewa, kwa hiyo sahani ndani ya delko, ile iliyobeba moduli, imetulia. Ukifungua kidogo, kitundu kinapata mvuto wote wa injini, kapsuli inavuta sahani, avansi inaongezeka. Ukikanyaga mpaka chini, mvuto unaanguka na springi inarudisha sahani mahali pake. Relanti nzima, katikati mgonjwa, chini kabisa mzima: ni ramani ileile ya ugonjwa wangu, na nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Injini yenye njaa ya esansi ingelia zaidi ukikanyaga. Yangu ilikuwa inapona! Mimi na mekanisie tuliisikia dalili hiyo na kuipita kama kibao cha tangazo.

Basi kapsuli imetoboka? Niliunyonya mrija kwa mdomo, nikaziba kwa ulimi. Ukabaki umening'inia kwenye ulimi, haudondoki. Kapsuli nzima. Watoto wa jirani waliokuwa ukutani walicheka sana kuona muzee ananyonya gari.

Ilibaki sahani. Moduli hii haina waya wa mase, yaani wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari. Inapata mase kupitia sahani inayoibeba, na sahani kwa kuwa inazunguka inaunganishwa na mwili wa delko kwa kiwaya kimoja kifupi kilichovaa kitambaa. Nikakipima: omu 0.3. Nikanyonya mrija, sahani ikazunguka: omu 0.3. Kizima kabisa, kwa mujibu wa multimetri ya namba.

Na hapa niseme ninachofikiri juu ya multimetri za namba. Ni nzuri kwa kupima batri. Kwa kitu kinachokatika na kurudi ni kipofu anayesoma gazeti la jana. Inapima omu kwa umeme mdogo ambao hata unywele mmoja wa shaba unaubeba bila shida, wakati bobini ya omu 3 kwenye volti 12 inavuta ampea 4. Unywele mmoja hauwezi kubeba hizo. Usipime omu za waya wa mase; pima volti zinazopotea juu yake wakati umeme wa kweli unapita.

Nikachukua multimetri yangu ya zamani ya mshale. Ncha moja kwenye sahani, nyingine kwenye hasi ya batri, kontakti imewashwa. Sifuri. Nikanyonya. Sifuri. Nikapoteza alasiri nzima hapo, na ni aibu kusema kwa nini: injini ilikuwa imesimama mahali ambapo moduli imefunga mlango, kwa hiyo hakukuwa na umeme wowote unaopita wa kupotea. Siku ya pili niliingiza manivela mbele, ule mkono wa kuzungushia injini, nikazungusha taratibu mpaka volti za waya mweusi zikaanguka, maana yake sasa bobini inavuta. Nikapima haraka, kwa sababu kuacha kontakti imewashwa namna hiyo kunaichemsha moduli. Sahani ikiwa imetulia: volti 0.2. Nikanyonya mrija. Mshale uliruka kupita 5, ukarudi, ukaruka, ukatetemeka kama mwenye malaria.

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka nje na mwiko wa bukari (ugali) mkononi.

Nilichana kitambaa cha kile kiwaya. Ndani, karibu na rivuti, nyuzi zote zimekatika isipokuwa mbili. Na ninajua nani alizikata. Siku ya kufunga moduli nilikikunja kiwaya pembeni kwa koleo ili nyaya mbili za moduli zipite vizuri. Ilipendeza kwa macho. Kwa miaka yote ya platine kiwaya hicho kiliishi, mimi nikakiua kwa sekunde tatu.

Kutengeneza hakukuwa rahisi kama nilivyodhani. Nilitia waya wa kawaida wa gari, lakini ni mgumu: sahani ikienda hairudi, avansi inabaki juu na relanti inapanda. Inatakiwa shaba ya nyuzi nyembamba nyingi, inayolegea kama uzi wa sufu. Nilitafuta sokoni Kenya, ule mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikaletewa kila kitu isipokuwa hicho. Mwishowe niliitazama multimetri ya namba. Nyaya zake za kupimia ni laini sana. Nikakata sentimita 6 za ule mweusi, nikalehemu pande mbili, nikaacha kitanzi kidogo ili usivutwe. Volti 0.1, nikinyonya au nisinyonye. Multimetri hatimaye imesaidia.

Kuhusu strobo: nilikuwa nifanye Jumapili. Lakini kunyonya mrija kwa mdomo kumeniachia ladha ya esansi ya siku mbili, kwa hiyo nilinunua sindano ya mililita 60 famasi, nikaunganisha na mrija wa sirumu (dripu), na sasa navuta sahani polepole na kuishikilia kwa kidole gumba. Mekanisie aliiona jioni, akaichukua mkononi, akavuta mara mbili bila kusema kitu. Leo asubuhi amekuja na delko ya Peugeot 504 kwenye mfuko wa plastiki, kapsuli haishiki hata sekunde moja, na meza yangu imejaa tena.