Nilivyochagua na kufunga heda kwenye Mustang yangu ya 1967

Injini yangu ni V8 ya inchi za ujazo 289, kama lita 4.7 hivi, na hutoa moshi mwingi kuliko unaoweza kupita kwenye manifoldi, yaani vikusanya-moshi vya chuma cha kusubu ilivyotoka navyo kiwandani. Kila nilipovuka mizunguko 4,000 kwa dakika, mvuto ulikatika. Dawa yake ni heda: seti ya mabomba ya moshi inayofungwa badala ya manifoldi.

Chanzo ni mfuatano wa kuwaka. Silinda zake huwaka 1-5-4-2-6-3-7-8. Namba 1 hadi 4 ziko kulia, 5 hadi 8 kushoto. Fuata kwa kidole: 4 na 2 zinawaka moja baada ya nyingine upande uleule, na 7 na 8 vivyo hivyo upande wa pili, zikiachana robo mzunguko tu wa krenki, shafti kuu ya injini. Kwenye manifoldi fupi, moshi wao hukutana na kusukumana. Heda huipa kila silinda bomba lake, kwa hiyo moshi hukutana mbali zaidi, ukiwa tayari unakimbia.

Heda fupi niliziacha mapema: zinaingia kirahisi, lakini faida yake ni ndogo. Zile ndefu, mabomba manne yakiingia moja kwa moja kwenye kolekta, yaani bomba la pamoja, hutoa nguvu zaidi mizunguko ikiwa juu sana, na mimi gari langu ni la barabarani. Nikachagua za mtindo wa tri-Y: manne yanakuwa mawili, mawili yanakuwa moja. Shelby GT350 ya 1965 ilifungwa za namna hiyo. Muuzaji mmoja alinisukumia mabomba ya inchi 1¾ akisema makubwa ndiyo mazuri. Kwa injini ndogo ya barabarani sikubaliani naye hata kidogo: bomba likizidi upana, moshi unapoteza mwendo na mvuto wa chini unakufa. Nilichukua nyembamba kuliko hizo, zenye flanji (bamba linalofungwa kwa bolti kwenye injini) nene, maana flanji nyembamba hujikunja kwa joto na gasketi haidumu.

Kabla ya kulipa nililala chini ya gari na tochi na futi. Kwenye Mustang za miaka hiyo, minara ya shokapu inabana injini pande zote mbili, na kila sentimita ina mwenyewe. Nilipima palipo na stata upande wa kulia, mtambo wa klachi upande wa kushoto, na fimbo za usukani chini. Usukani wangu hauna pawa, yaani msaada wa haidroli. Mwenye pawa aulize kwanza kama heda hizo zinahitaji kishikizo cha kushusha silinda ya haidroli ya usukani. Nilihakikisha pia kwamba soketi ya plagi inafika kwenye kila silinda. Heda inayokulazimisha kuifungua ndipo ubadilishe plagi ni adhabu.

Bolti za zamani zilistahili subira kuliko kitu kingine chochote. Nilizilowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikarudia kesho yake. Sikuanza kwa kufungua. Niliikaza kila moja kidogo sana, mpaka nikaisikia inalia na kuachia kutu, kisha nikairudisha polepole, nusu mbele, nusu nyuma. Iliyokataa niliipasha moto pembeni yake kwenye manifoldi, si kwenye bolti yenyewe. Hakuna iliyokatikia kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, na kwangu huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko kufunga heda zenyewe.

Nilitoa waya za betri, nikafungua bolti za maunti (vishikizo vya injini), nikaweka ubao chini ya sampu, bakuli la oili, na kuinua injini kwa jeki sentimita chache. Heda ya kushoto ilipanda kutoka chini baada ya kutoa mtambo wa klachi. Uso wa silinda hedi niliusugua mpaka uking'aa, nikaweka rula ya chuma juu ya kila flanji kuona kama mwanga unapenya. Haukupenya. Kisha bolti zote ziliingia kwa vidole kabla sijashika spana yoyote. Ukikaza moja mapema, ya mwisho haipati tundu lake. Nilikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, hadi kipimo cha kitabu cha gari.

Waya za plagi nilizivika soksi za kuzuia joto, na stata nikaiwekea ngao. Watu wengi hufunga heda kwa kitambaa. Mimi nilikikataa, maana hushika unyevu na chuma cha kawaida huoza ndani yake. Nilinunua zilizopakwa seramiki ndani na nje.

Nilipowasha ilitoka harufu kali na moshi mwepesi, mafuta ya mikono na ya kiwandani yakiungua. Hilo ni la kawaida. Kutafuta uvujaji nilitumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikiizungusha karibu na gasketi injini ikiwa bado baridi. Mlio wa "tii-tii" ulisikika kwenye silinda ya 8. Nilizima, nikaongeza mkazo, ukaisha.

Kilichobaki ni kabureta. Moshi ukitoka kirahisi, hewa nyingi zaidi inaingia, na plagi zangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilipandisha jeti, vitundu vinavyopima petroli, hadi plagi zikarudi kahawia hafifu. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa nilirudia kukaza bolti zote, na kadhaa ziligeuka kweli. Sasa gari linavuta mpaka juu bila kusita, na chini halijapoteza chochote.