Fundi Cherahani na Sanduku la Msiba

Mtaani kwetu Limbani, Wete, kisiwani Pemba, hakuna ofisi ya mazishi utakayoipigia simu ikaja na gari na karatasi ya bei. Mtu akifariki usiku wa manane, anayegongewa mlango ni jirani, na kwa miaka mingi jirani huyo nimekuwa mie. Mchana nashona kanzu na sare za skuli, ndiko nipatako riziki. Kuosha maiti, kumkafini, yaani kumvisha sanda, na kusimamia kaburi hakuna ujira, wala sijawahi kuutaka.

Kazi hii niliipokea kwa maalim mmoja aliyekuwa akiniletea bafta, kitambaa cheupe cha pamba, nimkatie sanda. Sanda haishonwi, lakini yataka mtu anayekijua kitambaa. Mwanamme ni shuka tatu. Mwanamke vipande vitano: shuka ya kujifunga, kanzu, ukaya wa kichwani, na shuka mbili za kumfunika mwili mzima. Maalim macho yalipompunguka akawa ananichukua nimbebee mkoba. Alipotangulia mbele ya haki, watu wakaanza kuja kwangu, na ndipo nilipoona tulivyokuwa tukiishi kwa bahati. Maduka yamefungwa, mmoja anatafuta karafuu maiti, mwengine yuko mkunazini na tochi anachuma majani, na wafiwa wanaulizwa pesa za pamba hali ya kuwa hata kulia hawajamaliza.

Nikazungumza na imamu, tukaweka sanduku la bati msikitini. Ndani mna jora la bafta, pamba, karafuu maiti, mawaridi, udi, sabuni, glavu, mkasi, na majani ya mkunazi yaliyokwisha kukaushwa na kutwangwa. Ufunguo mmoja anao imamu, mwengine muuza duka wa pembeni. Siku ya msiba hakuna anayedaiwa. Tanga likishaondoka, familia hurejesha kilichotumika. Isiyoweza, hujazwa na mchango wa Ijumaa, na jina lake halitajwi. Wapo walioniambia watu wataligeuza sadaka ya bure. Sivyo ilivyokuwa. Watu hurejesha zaidi ya walichochukua, na wengine huleta jora zima kwa niaba ya mzee wao.

La sanduku lilikuwa jambo jepesi. Kazi ilikuwa kupata watu wa kuosha. Kumshughulikia maiti ni faradhi ya kutosheleza, wakiifanya wachache wengine wameondokewa na dhambi, na naona sisi tumeufanya huo "uchache" kuwa mtu mmoja. Wakinitania kwamba mwosha huoshwa, huwajibu kuwa hilo ndilo linalonitia hofu: nani ataniosha?

Vijana wa kuchimba kaburi hawakosekani. Wa kuingia chumbani ndio shida. Kijana mmoja, hodari wa mpira, alinambia, "Ami, mie kaburi nitachimba peke yangu, lakini huko ndani usinipeleke." Sikumlazimisha. Nilimpa kazi ya kumimina maji tu, amesimama nyuma yangu, macho yake kwenye kopo. Msiba mwengine akashika shuka ya kusitiri, ile inayofunika kitovu mpaka magoti na isiyoondolewa hata kidogo. Baadaye akaanza kuosha viungo vya udhu, upande wa kulia kwanza. Nilimfundisha idadi iwe witiri, maji ya mkunazi mwanzo, karafuu maiti kidogo katika maji ya mwisho. La kusisitiza zaidi ni ulimi. Ukiona jambo zuri lieleze. Ukiona aibu, iishie mle chumbani. Kijana asiyeweza kunyamaza simchukui, hata awe na nguvu vipi.

Upande wa wanawake sina la kujisifia. Bi mkubwa mmoja wa Jadida alishawafunza wakwe zake kabla mie sijafikiria chochote.

Kaburi nalo lina elimu yake. Kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo shimo linakwenda mashariki na magharibi, kichwa mashariki, naye analazwa ubavu wa kulia. Mwanandani, yaani tundu la kumlaza maiti, huchimbwa ukutani upande wa kibla. Masika udongo wetu hulowa na ukuta ukaporomoka, basi huuchimba katikati ya shimo na kuufunika kwa viunza, yaani mbao. Wenzetu wa Micheweni hawana tabu ya tope. Wao wanapigana na jiwe kwa mtaimbo.

Na kuna misiba isiyo na kaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija huku kwetu Pemba. Maiti walipelekwa viwanja vya Maisara, Unguja, wakatambuliwe, lakini nyumba nyingi za Pemba hazikupata mtu wa kumzika. Bafta haikuwa na kazi. Tuliswali swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, tukasoma hitma, kisha tukakaa na wafiwa. Tangu hapo nahesabu kukaa na mfiwa kuwa ni kazi, naigawia watu zamu kama ninavyogawa ya kuchimba.

Jambo moja bado nabishana na wazee wenzangu: chakula. Sanda ni nafuu. Pilau ndiyo inayowaangusha wafiwa. Nimeona mjane anaingia eda na deni la ng'ombe. Mtaani kwetu sasa majirani ndio wanaopika siku za tanga, ingawa wakubwa wa baadhi ya familia bado wananuna.

Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, kibandani kwangu kanzu za Idi zimefika darini. Kipaza sauti kikatangaza maiti anaswaliwa baada ya alasiri. Nikatoka mbio na mkasi mkononi, nikamkuta yule mcheza mpira mlangoni pa nyumba ya msiba anakausha mikono. "Tushamaliza, Ami. Tulijua una kanzu." Nikarudi kushona mpaka adhana, halafu nikaenda kuswali safu ya nyuma.